NYUMBA NA MAARIFA: Usinunue Betri Mpya Kabla ya Kuipima ya Zamani

Ukurasa wetu wa juma hili unajibu swali ambalo limekuwa likitufikia kwa njia nyingi, nalo linahusu betri za nyumbani na umeme wa jua.

Mama mmoja, mke wa askari ambaye yuko kazini mbali na nyumbani, ametuandikia barua ndefu. Anasema kwamba nyumba yao ina umeme wa nguzo, lakini umeme huo hukatika mara kwa mara, na pengine hukosekana usiku kucha. Kwa ajili ya saa hizo za giza mumewe alifunga paneli moja ya sola ya wati 100 juu ya paa, betri moja ya ampea-saa 100, na inveta ya kuwashia taa na televisheni. Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vema. Mwaka wa pili taa zikaanza kuzimika saa tatu usiku. Fundi akaitwa, naye akasema kwamba betri imekufa. Mume akatuma fedha, betri mpya ikanunuliwa. Baada ya miezi minane betri hiyo mpya nayo ikaanza kuchoka mapema, na fundi yule yule amesema tena kwamba betri imekufa. Mama anauliza: “Je, tununue ya tatu, au tunadanganywa?”

Jibu letu ni kwamba asinunue bado. Yamkini fundi hasemi uongo hata kidogo. Yawezekana kabisa kwamba betri zote mbili zilikufa kweli. Lakini ikiwa ndivyo, basi kile kilichoiua ya kwanza ndicho kilichoiua ya pili, nacho kingali kimekaa pale pale nyumbani, kinaingojea ya tatu. Fedha za askari hazipatikani kwa urahisi, na haifai zitumike kununua dawa kabla ugonjwa haujajulikana. Kwa hiyo leo tutaeleza namna ya kuutafuta ugonjwa huo, hatua kwa hatua, kwa njia ambayo mama wa nyumbani au kijana wa sekondari anaweza kuifuata bila kumngoja mwenye nyumba arudi kutoka kazini.

KWA NINI UMEME HUKATIKA

Wapo wanaodhani kwamba shida hii itakwisha yenyewe kwa kuwa nchi sasa inazalisha umeme mwingi. Ni kweli kwamba bwawa la Karuma lenye uwezo wa megawati 600 lilizinduliwa mwaka 2024, na kwamba kabla yake kulikuwako Nalubaale, Kiira, Bujagali na Isimba. Lakini umeme uliozalishwa hauna budi kusafiri kwa nyaya, nguzo na transfoma mpaka ufike mlangoni mwako, na safari hiyo ina maadui wengi: mti ulioanguka, nguzo iliyooza, dhoruba, transfoma iliyozidiwa. Hata mitambo yenyewe haikosi ajali. Mwezi wa Aprili 2020 kisiwa cha magugu kilichokuwa kikielea katika Ziwa Victoria kilisukumwa hadi kwenye mitambo ya Nalubaale, huko Jinja, na nchi ikakosa umeme. Kwa hiyo betri ya nyumbani itaendelea kuwa rafiki wa familia, na rafiki huyo anahitaji kutunzwa.

BETRI HUFA KWA NJAA KULIKO KWA UZEE

Betri nyingi zinazotumika majumbani ni za risasi na asidi. Ndani yake mna vyumba sita, na kila kimoja hutoa volti 2 na kitu kidogo. Kwa pamoja hupatikana volti 12. Betri inapotoa umeme, juu ya bamba zake za risasi hujengeka utando wa chumvi. Inapochajiwa mpaka ikajaa, utando huo huyeyuka na kurudi katika asidi. Lakini betri ikiachwa na njaa kwa siku nyingi, au ikichajiwa nusu leo, nusu kesho, bila kujaa hata siku moja, ule utando hugeuka kuwa mgumu kama ukoko wa sufuria. Hapo hauyeyuki tena, na sehemu ile ya bamba hupotea kwa matumizi.

Yafaa jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu ndilo msingi wa mengine yote. Betri nzuri ikitumiwa nusu tu ya uwezo wake na kujazwa kamili mara kwa mara huweza kuhudumu miaka kadhaa. Betri hiyo hiyo ikiwa inamalizwa kila usiku na kujazwa nusu kila mchana, haitamaliza mwaka. Tofauti haimo dukani iliponunuliwa, bali katika malisho yake.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

Kinachohitajika kwanza ni mita ndogo ya kupimia umeme, ambayo wengi huiita testa, ile yenye waya mbili, mwekundu na mweusi. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya betri. Familia tatu au nne za jirani zaweza kuchanga na kununua moja. Pamoja nayo ziwepo spana, kipande cha msasa, mafuta mazito ya kujipaka, kitambaa, na daftari la kuandikia. Daftari si pambo. Namba isiyoandikwa husahauliwa, na fundi asiyeonyeshwa namba hukisia.

JAMBO LA KWANZA: PIMA BETRI ALFAJIRI

Zima taa zote na inveta kabla ya kulala. Asubuhi, kabla jua halijaipata paneli na kabla hujawasha chochote, weka mita kwenye volti za betri, gusisha waya mwekundu kwenye kichwa cha chanya na mweusi kwenye kichwa cha hasi, kisha usome. Sababu ya kupima alfajiri ni kwamba betri inayochajiwa huonyesha namba kubwa ya uongo, na betri inayotumika huonyesha namba ndogo ya uongo. Ni betri iliyopumzika saa kadhaa tu ndiyo isemayo kweli.

Volti 12.7: imejaa.
Volti 12.4: imebaki na robo tatu.
Volti 12.2: imebaki nusu, hapa ndipo pa kuacha kuitumia.
Volti 12.0: imebaki robo.
Volti 11.8 au chini yake: imekwisha, na kila siku inayopita katika hali hiyo inaiharibu.

Fanya hivyo kwa siku saba mfululizo na kuandika. Ikiwa kila asubuhi unaona 12.0 au 11.9, umekwisha kupata habari kubwa: betri hiyo inalala njaa. Bado hujajua kama inanyimwa chakula mchana au inaporwa usiku, lakini sasa unajua kwamba lipo jambo.

Dalili nyingine ni hii. Ikiwa betri imechajiwa siku nzima yenye jua, na baada ya kupumzika inaonyesha karibu volti 10.5, basi chumba kimoja kati ya sita kimekufa. Hiyo haitengenezeki, na hapo fundi akisema betri imekufa, msadiki.

JAMBO LA PILI: VICHWA, WAYA NA FYUZI

Tazama vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, huo ni uchafu unaozuia umeme kupita. Zima kila kitu, fungua waya wa hasi kwanza na wa chanya baadaye, safisha kwa maji yaliyochanganywa na magadi kidogo, bila kuruhusu tone lolote liingie ndani ya betri, kausha, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga tena kwa nguvu, kisha paka mafuta mazito juu yake. Wakati wa kufunga, chanya huanza na hasi humalizia. Kabla ya kazi hii paneli iwe imekwisha kutenganishwa. Tutaeleza sababu yake mbele.

Baadaye washa taa na televisheni kwa robo saa, kisha pitisha kiganja karibu na kila kiungo cha waya. Kiungo kilicholegea hupata joto. Mahali penye joto ndipo umeme unapopotea, na ndipo moto wa nyumba unapoweza kuanzia.

Unene wa waya ni jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza. Tuchukue mfano. Umeme wa ampea 8 ukipita katika waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, meta 5 kwenda na meta 5 kurudi, hupoteza karibu volti 1 njiani. Ikiwa waya huo ndio unaounganisha kidhibiti chaji na betri, basi kidhibiti kitaona volti 14.4 na kudhani kwamba betri imefika karibu na kushiba, ilhali kwenye betri penyewe zimefika 13.4 tu. Kitaanza kupunguza chakula wakati mlaji bado ana njaa. Betri ya namna hiyo haitajaa upesi hata jua liwake namna gani. Dawa yake ni kusogeza kidhibiti karibu na betri, meta 1 au pungufu, na kutumia waya mnene, wa milimita 6 za mraba au zaidi.

JAMBO LA TATU: MAJI YA BETRI

Ikiwa betri yenu ina vifuniko sita vya kufungua, fungua na kuangalia ndani kwa mwanga wa tochi. Usitumie kiberiti wala mshumaa kamwe. Bamba zote zifunikwe na maji. Zikiwa wazi, ongeza maji yaliyotoneshwa, yale yauzwayo kwa ajili ya betri, mpaka yafunike bamba. Kisha ichaji ijae, ndipo uongeze hadi alama iliyowekwa. Usiongeze asidi, kwa kuwa kinachopungua kwa joto na kuchaji ni maji tu. Usitumie maji ya bomba wala ya kisima, kwani yana chumvi zinazodhuru bamba. Betri iliyofungwa kabisa isifunguliwe.

JAMBO LA NNE: KIDHIBITI CHAJI

Hiki ni kile kisanduku kidogo kilicho kati ya paneli na betri, ambacho mafundi hukiita kontrola. Saa sita mchana, siku ya jua, pima volti mahali pawili: kwenye vichwa vya betri, na mahali ambapo waya wa paneli unaingia katika kontrola.

Ikiwa betri iliyokuwa 12.1 asubuhi sasa inaonyesha 13.5 na inaendelea kupanda hadi karibu 14.4, chakula kinafika. Ikiwa betri bado iko 12.1, na mahali pa paneli hapana volti kabisa, basi waya umekatika, au kiungo kimeachia, au paneli ina kasoro. Lakini ikiwa betri iko 12.1 na mahali pa paneli mna volti 20 au 21, basi umeme umefika mlangoni na haukuingia: fyuzi imeungua au kontrola imekufa. Vipimo hivi viwili vitamwokoa mtu na safari nyingi za kwenda mjini.

Angalia pia kontrola imeelekezwa kwa betri ya aina gani. Nyingi zina kitufe cha kuchagua betri ya maji, ya jeli, au ya lithiamu. Iliyoelekezwa vibaya hulisha kupita kiasi au kupunja.

JAMBO LA TANO: PANELI

Nchi yetu imekatwa na mstari wa ikweta, ambao katika barabara ya Kampala kwenda Masaka unapita Kayabwe. Kwa sababu hiyo jua hutupitia karibu na utosi mwaka mzima, likiegemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba. Paneli haihitaji kuinamishwa sana. Nyuzi 10 hadi 15 zatosha. Lakini isilazwe bapa, kwa maana mvua haitaiosha na vumbi litatuama.

Kivuli ni adui mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Tawi la mwembe, nguzo ya antena au kamba ya kuanikia nguo ikitia kivuli juu ya sehemu ndogo tu ya paneli, hupunguza umeme kwa kiasi kikubwa kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa kuwa vijisehemu vya paneli vimeungwa kwa mfululizo, na kimoja kikizuiwa huwazuia wenzake. Itazame paneli saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Mti uliokuwa mche mwaka wa kwanza waweza kuwa mkosaji wa mwaka wa pili.

Vumbi nalo lina sehemu yake, hasa Karamoja na kaskazini wakati wa kiangazi. Osha paneli kwa maji na kitambaa laini, asubuhi mapema ingali baridi. Kioo kilichochomwa na jua la mchana kisimwagiwe maji baridi.

Tena, wapo walionunua paneli kubwa za wati 250 au zaidi, zenye volti 30 na kitu, wakaziunga kwenye kontrola ndogo ya bei rahisi ya volti 12. Kontrola ya namna hiyo hulazimisha paneli ishuke hadi volti za betri, na zaidi ya nusu ya umeme hupotea. Paneli ya wati 250 hutoa kama wati 110 tu. Wengine huiharibu kontrola kabisa kwa kuzidisha volti iliyoruhusiwa. Soma maandishi yaliyo nyuma ya paneli na juu ya kontrola kabla ya kuvioanisha.

JAMBO LA SITA: HESABU YA MATUMIZI

Tumefika mahali ambapo, kwa maoni yetu, huenda ugonjwa wa nyumba ya mama aliyetuandikia ndipo ulipojificha. Hebu tufanye hesabu yake.

Siku ya kawaida hapa Uganda huhesabiwa kuwa na saa 4 hadi 5 za jua kamili. Paneli yake ya wati 100 itakusanya kama wati-saa 450. Ukitoa hasara za joto, vumbi, waya na za betri yenyewe, zinazobaki kwa matumizi ni karibu 300.

Sasa matumizi ya jioni. Taa 4 za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 100. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4 ni 160. Simu tatu ni kama 30. Jumla ni 290. Mapato 300, matumizi 290: nyumba yaonekana imepangwa vema.

Lakini barua inasema kwamba inveta “huwa imewashwa muda wote, ili umeme ukikatika tusihangaike gizani.” Inveta ikiwa imewashwa, hata kama haiwashi taa moja, hula umeme kwa ajili yake mwenyewe. Inveta nyingi za nyumbani hula kama wati 10. Wati 10 kwa saa 24 ni wati-saa 240 kila siku. Kwa hiyo matumizi yake ya kweli, siku ambayo umeme umekatika jioni, si 290 bali 530, na upungufu ni 230. Betri ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na nusu yake iliyo halali kutumiwa ni 600. Kwa upungufu wa 230 kila siku, nusu hiyo huisha katika siku ya tatu. Hata siku ambazo umeme wa nguzo upo, ile inveta inaendelea kula sehemu kubwa ya mavuno ya paneli, na siku za mawingu hula zaidi ya kilichovunwa. Betri haijai. Utando unakuwa mgumu. Miezi minane si ajabu.

Ikiwa hesabu hii ndiyo iliyo kweli nyumbani kwake, dawa yake haina gharama: inveta izimwe asubuhi, na usiku baada ya televisheni kufungwa. Taa ziwe za volti 12 zinazowaka moja kwa moja kutoka betri kupitia kontrola, ili giza likiingia pawe na mwanga bila inveta. Pasi, birika la umeme na jiko la umeme visiguse mfumo huu hata kwa dakika moja. Pasi ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 80 kutoka betri ya volti 12. Sare ya kazini inyoshwe kwa pasi ya mkaa, au wakati umeme wa nguzo upo.

KWA WANAOCHAJI KWA UMEME WA NGUZO

Wapo wasomaji wasio na paneli, ambao inveta yao huchaji betri umeme unaporudi. Hao nao wafanye hesabu ya saa. Betri ya ampea-saa 100 iliyotumika nusu, ikichajiwa kwa ampea 10, huhitaji saa 5, kisha saa nyingine mbili au tatu za kushibishwa polepole. Ikiwa umeme hurudi kwa saa tatu tu na kukatika tena, betri haijai, na njaa ile ile tuliyoieleza huanza. Katika mitaa ambayo umeme hurudi ukiwa dhaifu, inveta nyingine hukataa kuchaji ingawa taa za nyumba zinawaka. Pima volti kwenye soketi kabla ya kuilaumu betri. Kwa familia za namna hiyo paneli moja ndogo yafaa sana, kwa sababu humalizia kushibisha betri mchana.

NAMNA YA KUTHIBITISHA KIFO CHA BETRI

Baada ya kusafisha, kufunga viungo na kurekebisha matumizi, iache betri ichajiwe kwa siku tatu za jua bila kutumiwa. Ikiwa haikukaa na njaa muda mrefu, yaweza kupata nafuu. Alfajiri ya siku ya nne ipime. Ikiwa inaonyesha 12.6 au zaidi, washa vitu vya jumla ya wati 60 kwa saa moja na kuitazama. Betri nzima ya ampea-saa 100 haitashuka sana, na itabaki juu ya volti 12. Ikianguka chini ya 11.5 ndani ya saa hiyo, basi ndani yake hamna akiba tena, imekwisha kweli. Hapo nunua nyingine, tena ile iliyotengenezwa kwa ajili ya sola na si ya kuwashia gari, nawe ukiwa umekwisha kumfukuza adui nyumbani.

Wenye betri za lithiamu wajue kwamba namba tulizozitaja si zao. Betri hizo hukaa karibu na volti 13.2 kwa muda mrefu, kisha hushuka ghafula. Zikionyesha volti 0, mara nyingi ni ulinzi wa ndani uliojifunga baada ya kumalizwa. Huamka kwa chaja inayostahili aina hiyo.

MAMBO YA HATARI

Kwanza, utaratibu wa kuunga. Wakati wa kufunga, anza na betri kwenye kontrola, ifuate paneli, mwisho matumizi. Wakati wa kufungua, rudi kinyume. Ukiitoa betri huku paneli ikiwa imeungwa na jua linawaka, waweza kuiunguza kontrola papo hapo.

Pili, betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Ikae mahali penye hewa, mbali na jiko, wala isiwekwe chini ya kitanda cha watoto. Vua pete na saa kabla ya kuigusa. Asidi ikimwagika juu ya ngozi au ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, na aliyeingiwa jichoni apelekwe hospitali. Fyuzi iwekwe karibu na kichwa cha chanya. Betri kuukuu isivunjwe wala kuchezewa, maana risasi hudhuru akili za watoto. Irudishwe kwa wanaozikusanya.

Tatu, na hili tunalisema kwa mkazo kwa wakazi wa kambini: usichomeke waya wa inveta au jenereta katika soketi ya ukutani ili kuwasha nyumba nzima. Nyumba za kambi mara nyingi zimeungwa kwenye laini moja. Umeme wako utatoka nje, na fundi aliye juu ya nguzo akiamini kwamba laini imezimwa atakufa. Itumike swichi ya kubadilishia iliyofungwa na fundi aliyesomea kazi hiyo. Jenereta nayo isiendeshwe ndani ya nyumba wala barazani, kwa kuwa moshi wake huua watu usingizini.

Nne, radi. Nchi yetu hupigwa na radi nyingi. Mwezi wa Juni 2011 iliua wanafunzi zaidi ya kumi katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo. Mawingu yakitanda, asipande mtu juu ya paa, wala asishike waya wa paneli.

Kwa mama aliyetuandikia na wengine walio katika hali yake, tunashauri hivi. Mwenye nyumba akipiga simu kutoka kazini, asiambiwe tu kwamba betri imekufa. Asomewe daftari: volti za alfajiri kwa siku saba, volti za saa sita mchana, na saa ambazo inveta iliwashwa. Kwa namba hizo, yeye na fundi wataelewana upesi, na fedha zitatumwa kwa jambo linalojulikana. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kuhifadhi maharage na mahindi yasiliwe na dumuzi. Tunawatakia afya njema na usiku wenye mwanga.